Kwa Nini Taa za Nairobi Hungoja Mvua Yetu?



Tulikuwa katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama kule kwenye miteremko ya Murang'a. Tulikuwa tumemaliza habari za mbuzi wa maziwa na tunangoja chai, ndipo mama mmoja akainuka na maswali mawili. La kwanza: "Mtoto wangu yuko Nairobi, amepiga simu ati stima imepotea tangu jana. Nairobi ndio mji wa wakubwa. Kwao stima inapotelea wapi?" La pili aliliuliza akielekeza kidole chini kwenye mto, ambao ulikuwa umejaa na maji yake mekundu kama matofali. "Na huu udongo wetu unaobebwa kila mvua ikinyesha, huwa unaenda kukaa wapi?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa sababu hatukuwa na jibu. Tuliporudi ofisini tulisoma na kuulizauliza, na tukaona kumbe maswali yale mawili ni swali moja. Makala hii ni jibu letu kwa mama yule, na kwa vikundi vyote vinavyolima juu ya mto Tana na vijito vyake.

Stima haiwekwi kwa gunia

Kwanza kabisa tuelewane juu ya jambo moja. Stima si kama mahindi. Mahindi yakivunwa huwekwa ghalani yakangoja. Stima hutengenezwa na kutumiwa kwa dakika ile ile. Mtu akiwasha taa huko Kayole, mahali fulani mtambo unaongeza nguvu kidogo wakati huo huo ili taa ile iwake. Hakuna ghala la stima lililofichwa chini ya Nairobi. Ziko betri kubwa zinazotengenezwa siku hizi, lakini za kuushikilia mji mzima usiku kucha hatuna.

Kinachoweza kuwekwa akiba ni maji. Maji yakizuiwa juu ya mlima na kuachiliwa yashuke kwa nguvu kupitia bomba, yanazungusha gurudumu la mtambo, na gurudumu likizunguka stima inatoka. Kwa hiyo bwawa la maji ndilo ghala la stima. Ukielewa hapo, mengine yote ni rahisi.

Ghala kubwa kabisa la mto Tana ni bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981. Lilijengwa liweze kushika mita za ujazo milioni 1,560 za maji. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20. Mama anayebeba debe mgongoni na ajaribu kufanya hesabu hiyo mwenyewe. Mtambo ulioko Masinga kwenyewe ni mdogo, megawati 40 tu, lakini kazi kubwa ya Masinga ni kuweka akiba ya mvua na kuigawa polepole kwa vituo vilivyo chini yake. Maji yakitoka Masinga huingia Kamburu, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, na mwisho Kiambere. Maji yale yale yanafanya kazi mara tano kabla ya kuendelea na safari yake kwenda Garissa na baharini. Kindaruma ndicho cha zamani zaidi kati ya hivyo vitano, kilianza mwaka 1968. Gitaru ndicho chenye nguvu zaidi, megawati 225.

Tumetaja megawati bila kueleza. Megawati moja ni wati milioni moja, yaani yaweza kuwasha balbu 100,000 za wati 10 kwa wakati mmoja. Basi Gitaru peke yake, mitambo yake yote ikizunguka, ni balbu milioni ishirini na mbili na zaidi.

Mji haubadiliki, mto ndio unaobadilika

Katika miji ya Ulaya majira ya mwaka hubadilisha matumizi ya stima. Baridi kali ikija watu huwasha vifaa vya kupasha nyumba moto na kuwasha taa mapema, maana jua linatua kabla ya saa kumi na moja. Nairobi haiko hivyo. Jua letu huchomoza saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili, Januari ni hivyo na Julai ni hivyo. Ni kweli kwamba mwezi wa Julai Nairobi ina baridi, na watu wengi wanaokaa kwenye nyumba za kupanga wana zile shawa za kupasha maji papo hapo. Shawa moja hula wati 3,500 au hata zaidi. Hiyo ni balbu 350 zimewashwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeoga! Januari na Februari joto linapozidi, friji za maduka na mabucha hufanya kazi zaidi. Lakini kwa jumla, ukichukua mwaka mzima, mji unataka kiasi kisichopishana sana mwezi hadi mwezi.

Kinachopishana sana ni saa za siku. Kuanzia saa moja ya jioni hadi kama saa nne za usiku, watu wamerudi kazini na shuleni, taa zimewaka, televisheni zimewaka, nguo za kesho zinapigwa pasi, kinyozi bado ana wateja, na yule wa chipsi kando ya barabara ndio kwanza ameanza. Hizo ndizo saa ambazo wasimamizi wa stima hukosa usingizi. Mwaka 2025 mahitaji ya nchi nzima katika saa hizo yalipita megawati 2,300, na eneo la Nairobi ndilo linalochukua sehemu kubwa kuliko eneo lolote lingine. Si ajabu, kwani hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 4,397,073 katika Nairobi pekee, bila kuhesabu Ruiru, Kitengela, Ngong na miji mingine inayoizunguka.

Basi mji unataka kula kila siku kiasi kile kile, jioni zaidi. Lakini ghala lake linajazwa mara mbili tu kwa mwaka: mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Hapa mkulima hahitaji mwalimu. Kila nyumba ya kijijini inajua kuvuna mara mbili na kula miezi kumi na miwili. Inajua pia kile kinachotokea mvua zikikosa mara moja, na kile kinachotokea zikikosa mara mbili mfululizo.

Mwaka wa giza

Wengi wetu tunaukumbuka mwaka 2000. Mvua za El Niño za 1997 na mwanzo wa 1998 zilikuwa zimejaza mabwawa mpaka yakafurika, na nafikiri ndiyo sababu watu hawakuwa na wasiwasi. Kisha mvua za 1999 zikawa hafifu, na zile ndefu za mwaka 2000 zikakosa kabisa katika sehemu nyingi. Wakati huo zaidi ya thuluthi mbili ya stima ya Kenya ilikuwa inatoka kwa maji. Ghala likabaki na maji ya chini, na nchi ikaingia katika mgao. Mitaa ilizimwa kwa zamu, saa nyingi kila siku, miezi ikafuatana. Jenereta za kukodi za dizeli zililetwa nchini kwa haraka na kwa bei kubwa.

Tuangalie mgao ule ulifanya nini, kwa sababu tukiwa kijijini ni rahisi kudhani ni shida ya watu wenye televisheni. Fundi wa kuchomelea pale Gikomba hawezi kuchomelea bila stima, naye ana vijana wanne wanaolipwa kwa siku. Viwanda vya Industrial Area vilipunguza saa za kazi, na kibarua aliyepunguziwa saa alipunguza pesa za kutuma nyumbani. Karo ya shule ikachelewa. Maziwa yetu nayo hupozwa kwa stima: mtambo wa kupoza ukizima na hakuna jenereta, gari la maziwa linarudi na mikebe imejaa. Halafu kuna maji ya mji wenyewe. Maji ya Nairobi hutoka milimani na sehemu kubwa ya njia hushuka yenyewe, lakini yakifika mjini lazima yasukumwe kwa pampu hadi mitaa ya juu na hadi matangi yaliyo juu ya magorofa. Stima ikikatika leo, kesho mama wa orofa ya tano anapanda ngazi na mtungi kama vile yuko kwao. Lifti imesimama pia.

Mwaka 2009 ilikuwa tena. Maji ya Masinga yalishuka mno hata mtambo wake ukazimwa, na mwezi wa Agosti mgao ukatangazwa. Hapo watu wengi wa Nairobi walisikia jina la Masinga kwa mara ya kwanza, ingawa walikuwa wamekula jasho lake miaka ishirini na minane.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kama giza lakini linaumiza mfuko. Mto ukipungua, mitambo ya mafuta huongezwa, na mafuta hununuliwa nje kwa dola. Gharama ile huwekwa kwenye bili ya kila mtu. Ukinunua tokeni, angalia risiti: utaona mstari wa gharama ya mafuta umejitenga na bei ya stima yenyewe. Katika miezi ya ukame mstari ule unapanda. Na kwa kuwa bei ya stima Kenya ni moja kwa nchi nzima, mama mwenye balbu tatu kule Kangema hulipa kwa kila uniti nyongeza ile ile anayolipa mwenye shawa nne kule Nairobi. Ni vizuri mjue pia kwamba anayetumia uniti 30 au chini kwa mwezi yuko kwenye bei ya chini zaidi. Nyumba yenye taa, redio na simu za kuchaji haifiki hapo. Kama bili yenu inapita hapo na hamna friji wala pasi, mwiteni fundi aangalie nyaya.

Mvuke haujui kiangazi

Tusiwaache na mawazo kwamba nchi ilikaa tu. Tangu miaka ile mambo yamebadilika sana, na tunafikiri ni moja ya kazi nzuri zilizofanywa katika nchi hii, ingawa haisifiwi vya kutosha.

Kule Olkaria karibu na Naivasha, chini ya ardhi kuna mawe yenye moto mkali. Visima vinachimbwa kwenda chini kilomita mbili, hata tatu, na mvuke unaotoka huzungusha mitambo. Mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1981, mwaka ule ule wa Masinga, ukiwa na megawati 15 tu. Upanuzi mkubwa ulikuja mwaka 2014 na tena 2019. Leo mvuke unatoa zaidi ya asilimia 40 ya stima ya Kenya na ndio mkubwa kuliko vyanzo vyote. Uzuri wake ni kwamba mvuke hauulizi kama mvua imenyesha. Halafu ikaja mitambo ya upepo karibu na Ziwa Turkana, 365 kwa jumla, yenye megawati 310, iliyounganishwa na nchi mwaka 2018 kwa laini ndefu ya zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa. Garissa kuna uwanja wa paneli za jua. Tangu Novemba 2022 stima nyingine inanunuliwa Ethiopia, ambayo nayo inatoka kwa mito, kwa hiyo hapo tumetegemea mvua ya jirani.

Ndiposa ukame wa mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ambao misimu mitano mfululizo ilikosa katika maeneo makavu na mifugo ikafa kwa wingi mno, haukuitia Nairobi giza kama la mwaka 2000. Mfugaji wa Marsabit alipoteza kila kitu huku taa za mji zikiwaka. Hatusemi hivyo kwa kulaumu mji. Tunasema ili ieleweke kwamba ukame wa siku hizi unaweza kupita mjini bila kuonekana.

Mvuke nao una historia yake na watu. Familia za Kimaasai zilizokaa Olkaria zilihamishwa mwaka 2014 ili kupisha mitambo, na malalamiko yao juu ya makao mapya yalichukua miaka kusikilizwa.

Sasa mtauliza, kama mvuke uko, mto Tana una kazi gani tena? Una kazi kubwa, na ni kazi ya jioni. Mvuke hutoka sawasawa usiku na mchana, huwezi kuuongeza ghafla saa moja jioni. Jua limetua. Upepo huvuma unapopenda. Lakini lango la maji laweza kufunguliwa, na baada ya dakika chache mtambo unazunguka kwa nguvu zote. Kwa hiyo wasimamizi hutunza maji mchana ili wayaachilie saa za watu wengi. Maji yamekuwa kama yule kijana wa nyumbani anayeitwa mzigo ukiwa mzito.

Siku moja ilionekana jinsi mji unavyomtegemea kijana huyo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma. Mitambo ya Gitaru ikazimika, na mitambo mingine haikuweza kuubeba mzigo ule kwa ghafla, ikazimika mmoja baada ya mwingine. Nchi nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu kwa sababu ya tumbili mmoja. Yeye mwenyewe alipona. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza la nchi nzima lilirudi, bila tumbili, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa gizani.

Mvua ikija nayo ina mambo yake

Mtu angefikiri kwamba mvua ikinyesha shida imekwisha. Sivyo. Wakati wa kiangazi stima hupungua kule inakotengenezwa. Wakati wa mvua stima iko tele, lakini njia ndiyo inayoharibika. Miti huangukia nyaya, radi hupiga transfoma, nguzo zilizosimama kwenye udongo laini hulala. Kwa hiyo yule mtoto wa Nairobi aliyempigia mama yake simu mvua ikinyesha, pengine bwawa lilikuwa limejaa na kilichokatika ni waya wa mtaa wake tu. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza, au nusu ya jibu.

Na ghala likijaa kupita kiasi, wa chini ndio wanaoumia. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 Masinga ilijaa ikamwaga maji juu ya ukuta, na mabwawa yote ya chini yakafanya hivyo hivyo. Watu wa Garissa na Tana River, ambao mvua haikuwanyeshea wao sana, waliamka na mto ndani ya nyumba. Maelfu walihama. Mwaka 2018 ilikuwa hivyo hivyo. Bwawa lenye nafasi kubwa linaweza kupokea mafuriko mengi kabla ya kumwaga. Bwawa lililopungua nafasi linamwaga mapema.

Na hapo tumefika kwa swali la pili la mama yule.

Udongo unakaa wapi

Udongo wenu unakaa Masinga. Maji yakiwa mbio mtoni hubeba udongo. Yakifika kwenye bwawa yanatulia, na udongo unazama chini. Hakuna anayeutoa. Vipimo vilivyofanywa karibu mwaka 2010 vilionyesha kwamba karibu sehemu moja kwa kumi ya nafasi ya Masinga ilikuwa imekwisha kujaa tope, kwa miaka thelathini tu. Waliochora bwawa walijua tope litaingia, lakini limeingia kwa haraka kuliko walivyodhani.

Tufikirie hasara hiyo pande zote mbili. Mji umepoteza maji ya akiba, yaani ukame ukija ghala linaisha mapema, na mvua kubwa ikija ghala linafurika mapema. Mwenye shamba naye hakupoteza udongo wowote tu. Maji hubeba ule wa juu, mweusi, wenye samadi aliyomwaga mwezi wa Februari na mbolea aliyonunua kwa deni. Mbolea hiyo iko Masinga sasa, chini ya maji, na haimfai mtu yeyote.

Udongo huo pia unaharibu maji ya kunywa ya Nairobi, ambayo sehemu kubwa kabisa hutoka huku huku. Bwawa la Ndakaini katika Murang'a, lililomalizika mwaka 1994, hushika mita za ujazo milioni 70 kwa ajili ya mji. Maji yakifika kwenye mtambo wa kusafisha yakiwa mekundu, dawa inayotumika ni nyingi, na bei yake ni kubwa.

Kwa miaka mingi hakuna aliyefikiri kwamba wa mjini ana deni kwa wa mlimani. Nyaya kubwa zilipita juu ya vijiji vyenye taa za kibatari. Hilo limeanza kubadilika. Tangu mwaka 2015 nyumba nyingi za vijijini zimeunganishwa chini ya mpango wa kufikisha stima mashinani, na sasa karibu robo tatu ya nyumba za Kenya zina stima. Mwaka huo huo wa 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya juu na Nairobi, ambao kampuni zinazotumia maji ya mto huu, ile ya maji ya Nairobi na ile ya mabwawa zikiwemo, huchangia ili wakulima wa juu wasaidiwe kuchimba matuta, kupanda miti na nyasi, na kuchimba vidimbwi vya kuvuna maji shambani. Wakulima wa Murang'a, Nyeri na Nyandarua wamefaidika. Kama kikundi chenu kiko katika sehemu hizo na hamjasikia habari hii, muulizeni afisa wa kilimo wa wadi yenu. Sisi tunaona mpango huu una haki ndani yake, lakini usingojwe. Mvua ya Machi haitangoja fomu zijazwe.

Ushahidi kwamba kazi hii inawezekana uko Machakos. Katika miaka ya 1930 wataalamu waliangalia vilima vile wakasema nchi imekwisha. Serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba, na watu wakachukia. Lakini baadaye, kuanzia miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vilichimba vyenyewe, shamba la huyu leo na la yule kesho, kwa sababu waliona mahindi juu ya matuta yanastahimili kiangazi. Kufika 1990 watu walikuwa wameongezeka mara nyingi na miti nayo ilikuwa imeongezeka.

Jinsi ya kupima na kuchimba fanya juu

Mahali pa kuanzia ni sehemu ya juu kabisa ya shamba, si chini karibu na mto. Wengi hukosea hapo. Ukianza chini, maji yanayotoka juu yatavunja tuta lako mvua ya kwanza.

Mnahitaji watu watatu, fimbo mbili zenye urefu sawa, kamba isiyovutika ya mita kama kumi, na levo ndogo ya kamba ambayo mafundi wa ujenzi hutumia. Kamba inafungwa kwenye fimbo zote mbili kwa kimo sawa. Levo inaning'inia katikati kabisa. Wawili wanasimamisha fimbo, wa tatu anasoma levo, na yule wa mbele anapanda au kushuka mpaka povu lisimame katikati. Hapo mnapigilia kigingi na kuendelea. Vigingi vyote vikiisha mtaona mstari unaopindapinda kufuata kilima. Usishangae ukiona haufuati mpaka wa shamba. Ikibidi uingie kwa jirani, zungumzeni kwanza, maana maji hayajui mpaka.

Mahali pakavu mstari uwe sawa kabisa ili maji yakae na kuzama. Mahali penye mvua nyingi, kama sehemu za juu za chai, uwe na mteremko mdogo kuelekea mfereji uliopandwa nyasi, la sivyo maji yatajaa yapasue tuta. Kilima kikiwa kikali, matuta yawe karibu karibu.

Mtaro huchimbwa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, na udongo unatupwa upande wa juu, ndiyo sababu ya jina fanya juu. Acheni nafasi ya kama shubiri moja kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi ndani. Juu ya tuta pandeni nepia au nyasi nyingine ya kushika udongo wakati mvua inapoanza, si baadaye. Nyasi hiyo ni chakula cha ng'ombe pia, na mbuzi wasifunguliwe humo mwaka wa kwanza. Ndani ya mtaro wengine hupanda ndizi, nazo hufanya vizuri.

Mtaro wa kwanza utajaa udongo. Uzoeni mkautupe tena juu ya tuta kabla ya kila msimu. Yule mama wa Murang'a alituambia wao wanafanya kwa zamu, siku ya Jumanne, nyumba moja kila wiki, na mwenye shamba anatoa uji. Levo wameinunua moja, na inatumiwa na vikundi vitatu.